Kona ya Rivasi Chini ya Mianzi ya Mama Konsolata

Jumatatu, 7 Juni 1954

Baridi kali. Wino umeganda, kalamu inakwaruza. Hata hivyo niko juu! Mimi ndiye mkalimani pekee wa Bwana Mpima kwenye barabara mpya ya Njombe kwenda Makambako. Akisema Kiingereza, mimi ndiye mdomo wake. Lukas, yule mshika fito za kupimia za rangi nyekundu na nyeupe, aliniuliza kwa nini tafsiri yangu inakuwa ndefu kuliko maneno ya Bwana. Wivu. Nimemwambia ashike fito.

Jumanne, 8 Juni

Balaa. Vigingi vya barabara vinaelekea kwenye mianzi ya Mama Konsolata, mama yake Emilia wangu. Mianzi ile ndiyo inayompa ulanzi, pombe yake ya kuuza, na ulanzi ndio uliosomesha watoto. Mama ameniita. Amesema posa ya Mlutheri kama mimi angeweza kuiombea rozari, lakini barabara ikigusa mwanzi mmoja, nisikanyage tena uwanja wake. Emilia alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua uso.

Nikaapa. Nikamwambia mama kwamba kona zote za barabara hii nazipanga mimi. Sijui ulimi wangu uliyatoa wapi maneno hayo.

Jumatano, 9 Juni

Mungu si Athumani! Bwana Mpima ameondoka kwenda Makambako siku mbili, na darubini yake ya miguu mitatu. Kabla ya kupanda lori akanyoosha kidole bondeni kwa Mama Konsolata, akasema pale ni rivasi kevu, tuhakikishe vigingi viko imara. Kevu ni kona, hilo najua. Na rivasi? Kila aliyewahi kusukuma lori anajua rivasi. Ni kurudi kinyume! Kumbe Bwana anataka kona igeuzwe, na mianzi itapona. Nimelala nikicheka peke yangu.

Alhamisi, 10 Juni

Asubuhi ukungu mzito, mtu haoni hatua kumi. Nikaamuru vigingi vyote vya bondeni vigeuzwe: vilivyopinda kulia vipinde kushoto, vya kushoto viende kulia. Lukas akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza mkalimani hapa ni nani. Tuligonga vigingi hadi saa nne.

Saa tano ukungu ukapanda. Yesu wangu! Safu ya vigingi imepita katikati ya mianzi, cha mwisho kiko hatua mbili kutoka jikoni kwa mama.

Lukas akachora kwenye vumbi kwa kijiti. Akasema rivasi kevu ni kona mbili zinazofuatana, ya kwanza inapinda huku, ya pili inapinda kule, kama nyoka akikwepa jiwe. Bwana alishamweleza kwa kuchora, bila neno. Kona ya kwanza ilielekea kwenye mianzi, ya pili ikaikwepa. Mianzi ilikuwa salama tangu mwanzo! Nikamsihi turudishe vigingi. Akasema bila darubini havirudi mahali pake. Na kesho wanakuja wafyekaji, watu ambao hukata palipo na kigingi na hawaulizi. Sijala chochote tangu mchana.

Ijumaa, 11 Juni

Nimedamka kwenda kuungama kwa Mama Konsolata. Nimekuta anapika maharage. Moto mzuri ajabu. Nikatazama vizuri: vigingi! Ameving'oa vyote, hata namba zilizoandikwa ubavuni zinaungua. Akasema kuni kavu wakati wa baridi hazikataliwi.

Nilitaka kumkumbatia. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, nikasingizia moshi.

Bwana akafika na lori la wafyekaji, akakuta bonde tupu. Akauliza vigingi viko wapi. Mama akajibu kwa Kibena, maneno makali, na mwiko mkononi. Nikatafsiri kwamba mama anampa pole kwa safari, na kwamba ng'ombe wa huku hawana adabu. Lukas akakohoa sana. Bwana akavuta pumzi, akasimamisha darubini, akapima upya. Kona ya kwanza huku, ya pili kule. Jioni mianzi yote imesimama, na mimi nimekula sahani mbili za maharage.

Jumapili, 13 Juni

Mama amesikia kuwa barabara imekwepa mianzi yake. Anaamini ni kazi yangu! Baada ya misa yake amenikaribisha chai, akamwambia Emilia aniongezee sukari. Emilia ameniangalia mara tatu. Amani moyoni, sijawahi kuionja hivi.

Lukas amenishauri nikiwa sielewi neno niulize. Nimemshukuru kwa upole, mtu wa fito ana mawazo ya fito. Kesho tunahamia bonde la karibu na Makambako. Bwana amesema barabara ikifika chini kabisa kabla ya kupanda, pale itakuwa sagi kevu. Wenzangu wakanitazama. Sikuuliza, ya nini? Neno liko wazi, hata bibi yangu angelitambua. Nimekwisha kuagiza mawe matatu ya kusagia na gunia la mahindi.