Taa Zangu Ndani ya Turubai la Wanawake

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mzigo umefika. Basi la Dar liliushusha Mkiwa, bodaboda akauleta Itigi ukiwa na vumbi la njia nzima. Nimefungua taratibu. Nimefuta kila kitu kwa kitambaa kabla ya kukijaribu.

Maelezo, nisije nikasahau. Kifaa kimoja kidogo kinakaa juu ya kamera. Hicho ndicho kinachoamuru. Viwili vingine vinakaa chini ya flashi, na flashi zenyewe zinasimama mbali kwenye stendi. Hakuna waya. Ukibonyeza kamera hapa, flashi zinawaka kule. Watu wa mjini huviita triga. Kwa uchunguzi wangu, hakuna mwingine mwenye triga kutoka hapa mpaka Mitundu. Uchunguzi wenyewe ulikuwa kumuuliza dada yangu Flora.

Sababu ya kuviagiza: fremu ya kona ya Mzee Abdulmajidi, kile chumba cha duka kinachotazama stesheni. Mwisho wa mwezi itakuwa wazi. Mzee anamwoza binti yake, Anifa, Jumapili hii, na amesema dukani kwake mbele ya watu kwamba mpiga picha atakayeifurahisha familia kwenye harusi hiyo ndiye atakayempangisha. Wapiga picha tuko wawili. Mimi na Martina.

Fremu yangu ya sasa imepakana na mashine ya kusaga. Unga unapita kwenye kila tundu. Wateja wangu wote wanatoka kwenye picha wakiwa na mvi. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alikataa picha zake za pasipoti, akasema huyo ni marehemu baba yake.

Lazima niipate. Nikikaa hapa mwaka mwingine nitakuwa uji.

Jumanne, 6 Agosti

Usingizi wa kuibia. Nimeamka mara kadhaa kuhakikisha betri zinachaji.

Jaribio la kwanza. Stendi moja kando ya banda la kuku, nyingine mlangoni mwa jiko. Mwanamitindo: Flora, akipepeta alizeti. Alisema nimpige haraka, yeye si picha, ni mtu mwenye kazi. Nilibonyeza. Flashi zote mbili ziliitika. Flora katokea kama tangazo la sabuni. Aliitazama ile picha kwa muda, kisha akauliza kwa nini sikumpiga hivyo kabla hajaolewa, pengine angepata wa maana zaidi. Nimeichukua kama sifa.

Upepo ukaangusha stendi ya jikoni. Nimeweka tofali kwenye miguu yake.

Jaribio la pili. Nilisimama nyuma ya nyumba, ukuta mzima katikati. Nikabonyeza. Flashi zikawaka uani vilevile. Kuku wakahamia kwa jirani. Flora akaja kuniuliza picha inayopigwa mtu akiwa nyuma ya ukuta ni ya nani na ya kazi gani.

Flora hana maono.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Abdulmajidi nikiwa nimevaa shati la kola. Shikamoo kwa Mzee, shikamoo kwa mkewe, Bi Kuluthumu. Nimekaa kwenye ukingo wa kiti. Nikawaonyesha picha ya Flora.

Mzee akasema huyu naye ni nani, mbona kama namfahamu. Bi Kuluthumu akasema ni yule muuza alizeti, sema leo ameoga. Wakafurahi. Nami nikafurahi.

Kisha pigo. Bi Kuluthumu akaeleza mpango wa kazi. Mimi nitapiga ndoa yenyewe Jumapili, upande wa wanaume. Shughuli ya wanawake ni Jumamosi, hapo uani, ndani ya turubai lililofungwa mapazia pande zote. Mwanamume haingii. Simu zinaachwa mlangoni ndani ya beseni. Wanawake humo wanavua mabaibui, wanacheza, wanapamba nywele, na picha zao hazitoki nje ya familia. Kwa hiyo mpiga picha wa humo ni Martina.

Nikauliza kwa heshima picha za upande upi ndizo zitakazoamua mambo ya fremu. Mzee akacheka. Akasema, mwanangu, katika nyumba hii umewahi kuona upande wa wanaume umeamua jambo?

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikipita njia ndefu. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama stesheni na sikuitazama hata kidogo. Yaani bibi harusi, hina, dhahabu, gauni, vyote vya Martina. Vyangu ni wajomba waliovaa kanzu na kuangalia saa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata. Wazo limenijia nikiwa napiga mswaki.

Hatua ya kwanza: nitawaazima taa zangu kwa moyo mweupe. Zitasimama ndani ya turubai. Hatua ya pili: kile kinachoamuru nitabaki nacho mimi, nje. Martina atasema moja, mbili, tatu, nami kwenye tatu nitabonyeza. Wote wataona nilivyo mtu wa kusaidia.

Siri ni hii. Mwanga wa flashi ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuukutanisha na kamera ya mtu mwingine. Najua hilo kwa sababu nimesoma maelekezo yote, hata ya Kichina nimeyatazama. Martina hasomi maelekezo. Picha zake zitatoka giza. Za kwangu zitatoka angavu. Familia italinganisha.

Mchana nikapeleka pendekezo. Martina alikuwepo, anakunywa chai na Bi Kuluthumu kama mtu wa nyumbani. Akasema, kaka Antipasi, kwa nini usinipe hicho kidude nikiweke kwenye kamera yangu, yakaisha? Nikasema hakiingiliani na kamera yake. Akasema tujaribu. Nikasema kinaweza kuiunguza. Nikaongeza neno volti.

Martina akanitazama sana. Akasema haya, kaka, wewe ndiye mtaalamu. Bi Kuluthumu akasema Mungu anilipe, vijana wenye roho kama hii wamebaki wachache.

Niliona haya kidogo. Ilipita.

Ijumaa, 9 Agosti

Situlii. Nimefua kitambaa cheupe cha mwavuli wa flashi, nimekianika, upepo umekichukua, nimekikuta kwenye mnazi wa plastiki wa baa ya Gasto. Nimekifua tena. Nimepanga nyaya ambazo sizihitaji. Mteja mmoja alikuja kupiga picha ya kadi, nikamwambia arudi wiki ijayo akiwa na mawazo yaliyotulia. Akasema yake yametulia.

Flora ameuliza kama ninaumwa. Nimemwambia nafikiria mustakabali. Akasema basi nifikirie nikiwa nasogeza lile gunia.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika kwa utaratibu.

Asubuhi, kabla wanawake hawajafika, niliruhusiwa kuingia kwenye turubai kusimamisha taa. Nia ilikuwa niziweke vibaya. Mwanga wa kutoka chini, ule unaomfanya mtu afanane na jini. Sikuweza. Nilipokiona kile kiti cha bibi harusi kimefunikwa kitambaa cha dhahabu, mkono ulikataa. Nikaweka flashi moja juu kushoto ndani ya mwavuli mweupe, ya pili nyuma kulia ili ing'arishe ukingo wa mtandio. Nikapima. Nikasogeza kidogo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilijiambia haidhuru, kamera yake haitaukuta mwanga huo hata hivyo.

Baada ya alasiri nikakaa nyuma ya turubai, karibu na wapishi wa pilau, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kitufe cha kwenye triga kilikuwa kimekwama kwa vumbi, kwa hiyo nikaiacha triga juu ya kamera yangu, kamera nikaining'iniza shingoni, nikawa nabonyeza kamera nikiwa nimeielekeza chini. Mpishi mkuu, Ahmadi, akauliza hiyo ni rimoti ya televisheni gani. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema basi mtaalamu asogee, anaziba moshi.

Tatizo la kwanza: muziki. Spika ilikuwa upande wangu. Moja, mbili, tatu ya Martina sikuisikia hata mara moja. Nikaamua kufuata vigelegele. Kikipigwa kigelegele, nabonyeza. Vilipigwa vingi. Nilibonyeza sana. Nilijisikia mtu muhimu.

Yaliyotokea ndani nimeyajua baadaye. Mwanzo walidhani ni mapambo. Kisha shangazi mmoja akagundua kwamba taa zinawaka ilhali Martina amekaa pembeni anakula tambi, kamera yake ipo mapajani. Akauliza kwa sauti: sasa anayetupiga picha ni nani?

Muziki ukazimwa. Kimya kabisa.

Mimi nje nikausikia ule ukimya nikafikiri sasa wamejipanga kwa picha kubwa ya familia. Nikabonyeza mara tatu.

Sijawahi kusikia wanawake wengi wakipiga kelele moja. Viti vilianguka. Mabaibui yakatafutwa. Pazia la nyuma likafunguliwa, akatoka Bi Kuluthumu na nusu ya wageni wake wakiwa wamejitanda khanga mpaka machoni. Wakanikuta nimekaa juu ya ndoo, nyuma ya turubai la wanawake, kamera shingoni, kidole juu ya kitufe.

Nilisema shikamooni.

Bi Kuluthumu akasema, kumbe. Hilo tu. Kisha akaniita wewe kijana, si mwanangu tena. Shangazi mmoja akasema wanikamate nisikimbie. Ahmadi akanikamata. Nilikuwa sikimbii.

Mzee akaitwa. Akavaa miwani, akaichukua kamera yangu, akaanza kutazama picha moja baada ya nyingine, watu wamemzunguka. Kiatu changu. Kiatu changu. Sufuria. Kiatu. Ahmadi ameinama kwenye pilau, kwa nyuma. Ahmadi tena, kwa nyuma. Zilikuwa nyingi za Ahmadi. Mzee akasema, Ahmadi, huyu kijana alikuwa anakupiga wewe. Ahmadi akaniachia upesi, akasogea mbali nami.

Basi ikabidi nieleze. Nikaeleza kidogo kidogo, nikiacha ile siri. Martina akasikiliza hadi mwisho. Akauliza kwa upole kama kweli kidude kinaunguza kamera. Bi Kuluthumu akasema tutaona. Akakichomoa mwenyewe kwenye kamera yangu, akampa. Martina akakichomeka kwenye yake. Kikaingia kama mkono kwenye mfuko. Akarudi ndani. Pazia likafungwa.

Nikakaa nje. Kila baada ya muda turubai lote linang'aa kwa ndani, jeupe, na wanawake wanapiga vigelegele. Mwanga wangu. Juu kushoto, nyuma kulia.

Hata pilau sikupewa.

Jumapili, 11 Agosti

Nilidhani watanifukuza. Mzee akasema ameahidi, na ahadi haivunjwi kwa sababu ya mjinga. Nimepiga ndoa, lakini kaka yake Mzee, Mzee Anuari, amepangiwa kutembea nami. Kila ninapopiga, anataka kuona. Akiona kanzu, anaitikia kwa kichwa. Siku nzima nimepiga picha bega kwa bega na mzee wa miaka sabini anayeuliza mbona mimi simo. Mwishowe nimempiga sana yeye. Yumo karibu kila mahali.

Triga na flashi bado zilikuwa kwa Martina, amezitumia wakati bibi harusi anatolewa. Mimi nilibaki na kile kiflashi kidogo cha kamera yenyewe. Bwana harusi katoka ana uso kama aliyetolewa kwenye mafuta. Nyuma yake giza, kana kwamba amefungia ndoa kisimani.

Jumatatu, 12 Agosti

Familia imetazama picha leo. Flora alipita pale kwa kisingizio cha alizeti. Anasema Bi Kuluthumu alilia alipoziona za Anifa. Bibi wa Anifa, ambaye haoni vizuri, aliomba ashike simu mwenyewe, akasema huyu ndiye mimi siku ile yangu. Wakamwacha aamini hivyo.

Za kwangu Mzee alizipitia haraka. Akasema Anuari katoka vizuri.

Fremu amepewa Martina.

Nimekaa studio nikisikiliza mashine ya kusaga. Mvi halisi zinaanza.

Jumanne, 13 Agosti

Martina amekuja. Nilijificha nyuma ya pazia la mandhari, lile lenye maporomoko ya maji. Akasema, kaka Antipasi, miguu inaonekana.

Amerudisha taa zote, zimefutwa, nyaya za chaji zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Nilisubiri anicheke. Akacheka, lakini kidogo. Akasema alijua tangu ile volti, sema alitaka kuona nitafika wapi, na hakutegemea nitafika juu ya ndoo. Kisha akasema hasira hana. Amejaribu kusimamisha taa zile mwenyewe baada ya harusi, akatoa watu kama majini. Akasema mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu.

Halafu akasema alichokuja kusema. Fremu ya kona ni kubwa. Peke yake haimudu. Anataka tugawane: yeye wanawake na maharusi, mimi wanaume na pasipoti, na kupanga taa za pande zote. Kwa Mzee ameshaniombea. Mzee alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba ndoo zote zikae ndani.

Nilishika ukuta. Fremu ya kona. Madirisha mawili, stesheni mbele, hakuna unga. Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, ikabidi nigeuke nijifanye natafuta kifuniko cha lenzi. Martina ni mtu mwema. Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba nimeliona hilo.

Jioni nikaenda na futi kupima. Nimechora mchoro. Pazia langu la mandhari likikaa pale ninapotaka, na stendi zangu hapa na hapa, njia ya kuingilia upande wake itabaki nyembamba sana. Maharusi wenye magauni mapana watalazimika kupita ubavu ubavu, na mama zao watachoka, na baada ya miezi miwili au mitatu hivi Martina atatafuta fremu nyingine mwenyewe bila mtu kumwambia.

Nimemwonyesha Martina mchoro. Nimemwambia ni mambo ya mwanga.

Ameutazama sana. Akasema haya, kaka, wewe ndiye mtaalamu.

Ameingia mtegoni mwenyewe.