Kisu Alinitajia Mshahara Usingizini

Jumatatu, 4 Machi
Kisu kaja na gari jipya! Kisu ni daktari bingwa wa upasuaji, mimi bingwa wa usingizi. Hospitali moja ya serikali, chumba kimoja, mgonjwa mmoja. Yeye anakata, mimi nahakikisha mtu anaamka. Gari langu husukumwa na walinzi. Nimemwambia mke wangu kwamba Kisu analipwa kunizidi. Kasema pengine mwenzangu anajua kuweka akiba. Mwanamke huyu yuko upande gani?

Jumatano, 6 Machi
Nimejaribu kumchimba Kisu kuhusu mshahara. Wapi! Kacheka tu, kaniuliza kama nimekula. Lakini bahati imejileta yenyewe. Ana ngiri, anapasuliwa Ijumaa. Na nani atamlaza? Mimi!

Ijumaa, 8 Machi
Dawa ilipoanza kumkolea nikamwinamia sikioni, nikamuuliza kwa upole analipwaje ukilinganisha na mimi. Akatabasamu kama mtoto aliyeshiba. Akasema mara mbili yako, kaka. Kisha akakoroma. Nesi alinitazama vibaya. Nikajifanya nakagua mapigo ya moyo. Yangu ndiyo yaliyokuwa yakienda mbio.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemvaa mkurugenzi. Nimesema sitoki ofisini mwake mpaka mimi na Kisu tulipwe sawa. Akaniuliza, tena polepole, kama nina hakika. Nikapiga meza. Akaniambia niandike ombi, nikasaini kwa mbwembwe. Mke wangu kanikumbusha ada ya binti yetu mwisho wa mwezi. Nimemwambia atafute shule ya ghali zaidi.

Jumatano, 27 Machi
Mshahara umeingia. Umepungua! Nimekimbilia kwa mkurugenzi. Kasema bajeti ni ileile, hivyo wamepunguza kwangu wakamwongezea Kisu. Kumbe kwa posho zangu za zamu, mimi ndiye niliyekuwa namzidi! Na gari? La mkwewe.
Kisu kanikumbatia kwenye korido, machozi yakimlengalenga. Kasema hata ndugu yake wa tumbo moja hajawahi kumtendea hivi. Maneno ya usingizini hayakumbuki, ila kakiri kwamba kila akilala huota mshahara mnono.
Mke wangu kalipa ada kutoka kwenye akiba yake. Nimeona aibu sana.

Alhamisi, 28 Machi
Bingwa wa macho kaja na viatu vipya vya ngozi. Vinang'aa! Huyu naye analipwa kiasi gani? Nasikia wiki ijayo anatolewa kidole tumbo. Nimeomba nimlaze mimi mwenyewe.