Boksi la Lawrence

Ijumaa, 14 Februari

Leo ndiyo leo! Miyuki, mwenzangu wa kazini, aliniambia juzi, tukinywa chai, kwamba kwao Japani siku hii ya wapendanao wanawake ndio wanaotoa chokoleti. Wanaume kupokea tu. Nchi yenye akili! Nikanyoa ndevu, nikapiga pasi hata soksi. Nikafika kazini kabla ya wote, hapa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Walthamstow, London.

Mezani, chumba cha wafanyakazi: maboksi mawili, kila moja na kikaratasi cha jina kwa mwandiko wa Miyuki. La Lawrence la dukani, kubwa, karatasi ya dhahabu, utepe mwekundu. Langu dogo kama la dawa, karatasi ya kahawia. Nikachungulia ndani. Chokoleti zimepinda-pinda, hakuna mbili zinazofanana.

Wueh! Lawrence? Mtu aliyekuja kazini juzi tu, na marashi yake yanayowakohoza wazee? Mimi ndiye niliyempa Miyuki pakiti ya majani ya chai kutoka shambani kwa mama, Vihiga. Mimi ndiye niliyenyamaza alipoinywa bila maziwa wala sukari. Kwetu ukimpenda mtu unamnunulia kitu cha dukani, kinang'aa. Cha kujipikia unampelekea jirani.

Nikahamisha vikaratasi. Kufumba na kufumbua, kazi kwisha.

Jumapili, 16 Februari

Boksi la dhahabu nimelimaliza. Tamu ajabu! Miyuki alinikuta koridoni akauliza, kwa sauti ya chini, kama nilizipenda. Nikasema sana, hasa zile za njugu. Akanitazama kidogo. Akashukuru, akainama, akaenda zake kutandika vitanda. Wajapani wana haya jamani.

Lawrence naye analalamika jikoni ati chokoleti zake zilinuka majani ya chai. Amekula nusu, nyingine kampa mzee wa chumba cha mwisho. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi, 13 Machi

Najuta kuzaliwa.

Ji-eun, yule Mkorea wa zamu yetu, rafiki mkubwa wa Miyuki, amenikumbusha kwamba kesho ni Siku Nyeupe. Kwao Korea iko, Japani iko: wanaume wanarudisha zawadi. Akauliza zangu zilikuwaje. Nikamsimulia boksi la dhahabu, kifua mbele. Akanikodolea macho. Akasema haiwezekani. Za dukani huwa wanawapa wenzao wa kazini kwa adabu tu, asinune mtu. Yule unayempenda unamtengenezea kwa mikono yako. Na Miyuki alitengeneza boksi moja tu, jikoni kwa Ji-eun. Sufuria ya kwanza iliungua. Ya pili akasaga ndani yake majani ya chai kutoka Kenya.

Nilikaa juu ya ndoo ya kudekia.

Si hayo tu. Viza ya Miyuki inaisha mwezi huu, na amekuwa akisema angeomba nyingine kama angekuwa na sababu ya kubaki. Sababu ndiyo mimi! Ji-eun alishaelewa nilichofanya; akanisihi kesho nimwambie Miyuki ukweli, basi.

Ukweli? Mwanamume mzima nikiri kwamba nilicheza na vikaratasi? Hapana. Nina mpango bora.

Ijumaa, 14 Machi

Nilinunua chokoleti nzuri, nikazivua karatasi zote, nikazibonyeza kwa uma zipinde-pinde. Nikazifunga kwa karatasi ya kahawia. Nikamwambia Miyuki nimezipika mwenyewe, nimekesha. Nikaongeza kwamba zake za chai sitazisahau maishani.

Akasema alidhani nilipenda za njugu. Nikasema zote, zote! Akachukua moja, akaigeuza. Chini yake, jina la kiwanda, herufi safi kabisa. Kule sikubonyeza.

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliuliza tu, polepole, kama nina jambo lolote ningependa kumwambia. Tulikuwa wawili tu, birika linachemka. Nikamuuliza kama angependa chai.

Akainama chini zaidi ya siku zote. Kuinama kule hakukunipendeza.

Jumamosi, 29 Machi

Ameondoka. Nilitaka kumsindikiza hadi uwanja wa ndege, akasema asante, Ji-eun anatosha. Wazee aliwaaga mmoja mmoja, akiwashika mikono. Mimi alinishika pia, kama alivyowashika wao.

Nimepanda treni ya chini ya ardhi, ile ya Victoria, bila safari. Nimefika mwisho, nimegeuka nayo, nimerudi. Mama mmoja akanipa tishu bila kuniuliza. Roho inaniuma kweli kweli. Kuna mtu alinipenda, akaniandikia na jina, mimi nikalibandua.

Jumatatu, 14 Aprili

Kumbe Wakorea wana siku hata ya sisi tuliokosa! Siku Nyeusi. Walio peke yao wanakula tambi zenye mchuzi mweusi kama grisi. Ji-eun amenipeleka mgahawa mmoja wa Kikorea, New Malden, ati nisikae ndani nikinyauka. Nikala. Midomo ikawa myeusi tii.

Hapo ndipo aliponiambia. Miyuki alijua tangu wiki ile ile. Lawrence alimshukuru kwa chokoleti za chai, Miyuki akaelewa vikaratasi vimehamishwa, na akaelewa na nani. Hakuudhika! Alicheka, akaona ni wivu wa mtu anayependa. Akangoja niseme. Mwezi mzima alingoja.

Nililia mbele ya watu, tambi mdomoni.

Ji-eun akanifuta, akaendelea. Miyuki bado ananiulizia. Namba yake ni ile ile. Anataka kitu kimoja tu: nimwambie mwenyewe ilivyokuwa, kwa mdomo wangu. Nikisema, atajibu. Na kazi nyingine London anaweza kuiomba.

Nimerudi nyumbani mbio. Bahati ya namna hii haiji kwa kila mtu, na safari hii sichezi nayo. Nimenawa uso, nimekaa kitandani, simu mkononi. Nimefuta, nimeandika upya, nimefuta tena. Mwishowe imekaa vizuri:

"Mpenzi Miyuki, nisamehe kwa kunyamaza. Nitakwambia yote yalivyokuwa. Asubuhi ile nilimwona Lawrence kwa macho yangu akihamisha vikaratasi."

Nimetuma.