Mbu Kwaheri na Chandarua cha Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Mbu wa mtaa huu wakisikia kikohozi changu wanafunga virago. Sijisifu, natoa taarifa. Shule niliiacha kwa huruma tu, mwalimu alikuwa anaishiwa ya kunifundisha. Leo nimechemsha mchaichai na kivumbasi, nikachanganya na mafuta ya nazi, katika sufuria kubwa ya shangazi. Unajipaka, mbu anageuza. Jina: Mbu Kwaheri. Shangazi, anayenilisha na kunilaza, amenusa akasema mwanangu una kichwa. Ninacho.

Jumatano, 6 Machi
Fundi cherehani wa mbele anashona vyandarua. Kaning'iniza kimoja mlangoni kama pazia la mfalme. Wateja wangu wakipita anawauliza wanataka kulala au kuungwa kama mchuzi. Mimi ananiita Daktari Majani. Mama mmoja aliyekwisha kushika chupa yangu alicheka hadi akairudisha.

Nimewaza. Nahitaji shahidi.

Jumapili, 10 Machi
Shahidi ni shangazi. Mwaka jana malaria nusura imchukue, mtaa mzima unajua. Akilala bila chandarua akaamka mzima, fundi atabaki kushona viraka. Nimemwomba. Akatazama kitanda chake, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia shangazi, hakika ndilo jina langu la pili. Akasema haya, kwa ajili yako.

Tumekiondoa chandarua chake mbele ya majirani. Fundi akamsihi shangazi: mama, usimsikilize huyu, mbu hasomi chupa. Wivu.

Chandarua hicho sasa nalala ndani yake mimi. Mwenye kampuni lazima alindwe.

Alhamisi, 14 Machi
Shangazi anaamka mzima kila siku. Chupa zinaondoka. Fundi amenuna mpaka cherehani yake inalia vibaya. Nimempelekea sampuli, kwa upole. Ameipaka kwenye bawaba ya mlango.

Jumamosi, 23 Machi
Shangazi anatetemeka ndani ya mablanketi mawili. Fundi ndiye aliyempakia kwenye baiskeli yake hadi zahanati. Mimi nilibeba mkoba.

Malaria. Nesi akauliza anajikingaje. Nikatoa chupa kwa fahari. Akanusa, akasema inanukia vizuri, inafaa barazani jioni, lakini baada ya saa moja au mbili harufu imekwisha na mbu amerudi, mgonjwa yuko usingizini. Chandarua hakiishi harufu, akasema. Kiko wapi? Nikaanza kusoma bango la chanjo ukutani.

Jumatatu, 25 Machi
Shangazi amekunywa uji, homa imeshuka. Nami nimeelewa kosa la kitaalamu: harufu inaisha mapema. Basi Mbu Kwaheri sasa itauzwa pamoja na saa ya kengele. Mteja anaamshwa, anajipaka, analala, anaamshwa. Nimemwambia fundi tushirikiane. Amenyanyua mkasi, nikaelewa bado anatafakari. Shahidi wa awamu hii nimeshamwona: mama mkwe wake. Hana usingizi hata hivyo.

Kimoja tu ndicho kimeharibika kweli. Leo nesi alianza kunifokea, shangazi akamzuia. Akasema usimlaumu kijana wangu, dawa yake nzuri, mimi ndiye nilikuwa najipaka kidogo kidogo ili chupa zibaki za wateja. Nesi akanigeukia, akangoja.

Nikamuuliza shangazi kama anataka maji.