Wazazi Wanaokataa Kuijibu Mashine kwa Nambari

Kilabu cha Kompyuta,
Ziwani, Nairobi.
Jumatano, 11 Juni 1986.

Kwa Mzee Bedan Wanyoike,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi.

Mzee Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Ndindi wa Kidato cha Tatu, yule wa karibu na dirisha. Ninaandika kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi.

Kama ujuavyo, kompyuta yetu ni ya kuazima. Mwenyewe anakuja Jumamosi, Siku ya Wazazi. Akiona inawafaa watu, itabaki. La sivyo itapelekwa shule nyingine. Nimeiandikia programu kwa miezi miwili. Inamwuliza mzazi jina, umri na idadi ya watoto, kisha inawagawia watoto wake vipande kumi na viwili vya mkate. Programu haina kasoro. Wenye kasoro ni wazazi. Jana tuliijaribu na wanne, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee Opiyo, dereva, alipoulizwa umri aliandika KITAMBULISHO KIKO NYUMBANI. Mahali pa nambari, mashine yetu hulifanya kila neno kuwa sifuri. Ikamwandika kuwa hajatimiza mwaka, nami nikalazimika kumtazama usoni.

2. Mama Khalayi, swali hilohilo, aliandika WEWE WAONAJE?

3. Mama Wakiuru, anayeuza mboga Kariobangi, aliulizwa idadi ya watoto. Kwao, kama kwetu Ukambani, watoto hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia mabaya. Akaandika MUNGU AMENIJALIA. Mashine ikasoma sifuri, ikajaribu kugawa mkate kwa watoto sifuri, jambo lisilowezekana, ikagoma kwenye mstari wa 80 wa programu. Nilipoianzisha upya, majina ya waliotangulia yalikuwa yamefutika. Naye Mama Wakiuru alikuwa ameiona ile sifuri. "Mimi ni tasa? Na huyu mgongoni ni gunia la sukuma wiki?" Anataka kumwona mwalimu mkuu.

4. Mama yangu mzazi alijibu vivyo hivyo, akijua kabisa programu ni ya nani.

Mwalimu Nerima, mlezi wa kilabu, anasema niongeze mistari ya kukagua kila jibu, ili mtu akikosea aulizwe tena kwa upole na mashine isigome. Lakini Mzee, sisi tukiandika "kama kumi hivi" kwenye mtihani, nani hutuuliza tena kwa upole?

Kwa hivyo naomba wazazi wote waje Ijumaa kwa masomo ya ziada ya kuandika nambari. Wafanye mtihani, na atakayefeli arudie mwaka. Na Jumamosi, atakayeandika neno mahali pa nambari arudishwe nyumbani, asionekane langoni mpaka aje na mtoto wake. Sisi hurudishwa kuleta wazazi kila muhula, na haijatudhuru.

Nisalimie Mama Teresiah hapo nyumbani, kamati nzima, na hata Mama Wakiuru ukimkuta ametulia.

Ni mimi, ninayekuheshimu kwa mbali,
Ndindi Matheka.

Nyongeza, Alhamisi: Mama aliisoma barua hii jana jioni akimenya viazi. Hakukasirika. Alisema tu, "Ndindi, nani alikufundisha kumwuliza mtu ana watoto wangapi? Uliza majina." Nimebadilisha swali. Sasa mzazi anataja jina mojamoja mpaka aandike BASI, na mashine inahesabu yenyewe kimyakimya. Asipotaja hata mmoja, inamwuliza tena, kwa upole. Umri nimeufuta, mkate haukuuhitaji. Mama Wakiuru amejaribu mara mbili, ya pili kwa kujifurahisha tu.

Mama yangu alitaja saba. Nyumbani tuko sita. Wa saba ni Mbeti, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mwalimu Nerima aliniuliza kama nitaandika mstari wa kulikataa jina hilo. Nikasema hapana, kwa sauti, na darasa zima likasikia.

Tafadhali usiisomee kamati barua hii. Ninaituma kwa kuwa stempu nilikuwa nimeshabandika, na kwa kuwa Jumamosi tutahitaji mkate zaidi.