Vipira vya Bi Seah

Phua Kok Leong alimtambua mteja wake kabla mama wa watu hajakaa. Mezani kwake Kok Leong kuliwekwa pakiti ya tishu ya kushikia kiti cha pili, mwenyewe akaenda kupanga foleni ya kahawa, na shingoni mwake vilining'inia visikilizio vya kutia masikioni vyenye nembo ubavuni. Nembo ile aliijua. Ni kazi ya mikono, dola elfu nne dukani.

Ukumbi huo wa vyakula unatazamana na jumba la maduka ambako nusu ya Singapore huenda kuchagua visikilizio. Kok Leong aliwapenda zaidi wapenzi wa muziki wa klasiki. Hao husikiliza kipande kimoja mara ishirini, hushuka ngazi wamechanganyikiwa, na mtu akishachanganyikiwa hahitaji kusukumwa sana.

Ufundi wake ulikuwa kwenye vipira, vile vifuniko laini vinavyoziba tundu la sikio. Vikiwa vidogo, sauti nzito huvuja yote hata kama kifaa ni cha mfalme. Basi yeye hujitolea kumsafishia mteja visikilizio vyake, akamrudishia vikiwa na vipira vidogo. Kisha humvisha vyake vya dola kumi na mbili, vyenye vipira vya kumtosha barabara. Besi hurudi, mteja hulengwa na machozi, na pochi hufunguka yenyewe.

Kwa machozi hayo alikuwa amekusanya dola elfu moja na mia tano, na siku hiyo zilikuwa mfukoni. Jumatatu angelipia kaunta yake mwenyewe ghorofa ya tatu ya jumba lile, aache kukimbizana na walinzi, na mama yake apate kuwaambia majirani kwamba mwanawe ana duka. Jambo hilo alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Yule mama wa visikilizio alirudi na kahawa yake. Jina lake Bi Seah, mwalimu wa piano aliyestaafu, na mwenye huzuni. Visikilizio aliachiwa na marehemu mumewe, akaeleza, lakini fidla zinasikika na selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, hazisikiki.

"Hebu nivisikie, anti," alisema Kok Leong.

Akavitia masikioni. Sauti ilikuwa nyembamba kama uji wa hospitali. Akavitazama vipira: vya mtoto. Alitamani kucheka. Kazi yote alikuwa amefanyiwa.

"Vimezeeka, anti. Vitu hivi navyo huishiwa nguvu. Sasa sikiliza hivi vyangu."

Bi Seah alisikiliza, akafumba macho, akasema selo hizo hapo, zote nne. Kok Leong akapendekeza wabadilishane tu, kwa kumwonea huruma. Bi Seah akatoa kikaratasi cha foleni, namba arobaini na saba, akasema duka moja kwenye jumba lile linanunua vilivyotumika na limeahidi kumpa elfu moja na mia mbili. Sasa wako arobaini na nne.

Mtu wa Singapore huvumilia joto na mvua. Kumwona mwenzake akipata nafuu ambayo yeye angeipata, hilo halivumiliki. Kok Leong alisikia kinywa chake kikitaja elfu moja na mia tano, pamoja na vile vyake vya dola kumi na mbili, ndani ya kisanduku cha mahameli.

Bi Seah akasita. "Lakini kijana, yule wa dukani alisema huenda ni vipira tu. Tuvibadilishe kwanza, tusikie?"

Kok Leong alipaliwa na chai yake.

"Achana naye, anti. Kipira ni kipira. Hao wanataka kukuuzia vipira."

"Sitaki uje ujute, mwanangu."

"Mimi nikitoa neno nimelitoa."

Akamhesabia. Bi Seah akamshukuru kwa mikono miwili, akachukua tishu zake, akatokomea kwenye umati. Kok Leong aliviwekea visikilizio vile vipira vikubwa, akachagua kipande cha selo nne, akangoja.

Ikatoka sauti ya mbu. Akaweka vikubwa zaidi. Mbu yuleyule. Akabandua nembo kwa ukucha, na chini yake akakuta plastiki aliyoizoea vizuri, ile ile anayoinunua kwa jumla, tundu la sauti limezibwa kwa gundi.

Kaunta ilimuuma, na mama yake alimuuma zaidi. Alikaa pale na masikio yaliyoziba, akiipitia mbinu ile kipande kwa kipande, na ufundi wa yule mama ukamshinda: akaanza kucheka mpaka muuza chai akageuka kumtazama. Mjinga yeyote angebadilisha vipira kwanza. Ni mtu mmoja tu, katika mji mzima, ambaye asingethubutu kuvibadilisha mbele ya mwenyewe, siri ya vipira isije ikafichuka, na Bi Seah alikuwa amekuja moja kwa moja mezani kwake.