Kilo Nne za Nati

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya saba tangu wanikate utumbo wenye saratani. Kliniki leo: kilo hamsini na moja. Mwezi uliopita, hamsini na tano. Mtaalamu wa lishe, binti wa rika la kitinda mimba wangu, kaniamuru nile kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mayai, samaki, maziwa. Nikipungua tena, nalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Mimi! Fundi cherehani mwenye ujuzi wa miaka thelathini!

Hajui kila kijiko kina ladha ya kutu. Hajui kuwa kijiko cha tano hunikimbiza chooni nimeshikilia suruali.

Seremala, tuliyepasuliwa naye siku moja, kaongezeka kilo mbili. Kanipigapiga begani, kasema nijikaze kiume. Mnafiki.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kapika mayai mawili, kasimama mlangoni hadi nimalize. Nimeyabana shavuni kama tumbili. Alipogeuka tu, dirishani! Kuku wa jirani wameyagombania. Hawana aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Suruali nimeipunguza kiuno mara ya tatu. Mteja kaingia dukani, kauliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Basi. Nimeshona fulana ya ndani yenye vijifuko kumi na viwili. Ndani, nati za gari kutoka gereji ya jirani. Kilo nne kamili. Hazigongani, hazionekani. Sijawahi kushona kitu safi namna hii.

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Hamsini na nne! Muuguzi kapiga makofi. Seremala kaongezeka robo tu, uso ukamshuka. Mtaalamu wa lishe kasema angependa wagonjwa wote wawe kama mimi. Nikamwonea huruma. Kidogo.

Nyumbani mke wangu kalia kwa furaha. Nimejifanya natafuta sindano.

Alhamisi, 13 Machi
Siku ya dripu ya kwanza ya dawa ya saratani. Mke wangu kanisindikiza. Muuguzi kanipima, kaandika hamsini na tatu, kaanza kupiga hesabu. Nikauliza hesabu ya nini.

“Dawa tunaipima kwa uzito wako, baba. Ikiuzidi mwili, inaweza kukuua.”

Nimevua shati mwenyewe. Nilipofungua fulana, nati moja ikadondoka, ikabingirika hadi miguuni pa mke wangu. Kaiokota, kaitazama kiganjani.

“Mimi naamka alfajiri kukupikia, wewe unashona vyuma?”

Heri angenitukana.

Uzito wa kweli: arobaini na tisa. Dripu imeahirishwa. Nimelazwa.

Jumamosi, 15 Machi
Wodini. Mpira uko puani, koo linawasha. Seremala kaja kunijulia hali na ndizi nne. Kazila zote mwenyewe, akinieleza jinsi zinavyorudisha nguvu.

Kitandani pametundikwa karatasi: kila ninachokula kwa mdomo lazima kiandikwe. Nikimaliza nusu sahani kila mlo kwa siku tatu mfululizo, mpira unatolewa. Mchana nimekula vijiko vitatu. Muuguzi kaandika vitatu. Hana huruma yule.

Ila anaandika kwa penseli.

Nimemwomba mke wangu aniletee kifutio kesho. Nimemwambia nataka kumchorea gauni. Kafurahi, maskini.